Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja

Nilipokuwa darasa la nne, mtoto wa jirani yetu alivimba taya la kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sita, mchangamfu, mpenda mpira wa makaratasi. Nyanya yake alisema ni jino. Jino likang'olewa, lakini uvimbe haukupungua. Ulizidi kukua kama chapati iliyotiwa hamira, leo hivi, kesho vile. Majirani wakaanza kunong'ona. Wako waliosema ni chira, yaani wazazi wamevunja mwiko fulani. Wako waliosema kuna mtu aliyemwangalia kwa jicho baya. Mitishamba ikapakwa, maombi yakafanywa, na siku zikapita. Baada ya wiki chache jicho lake la kushoto lilikuwa limesukumwa nje na tumbo nalo limefura. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, maji yalikuwa yamezidi unga. Hatukucheza naye tena.

Mwaka jana, mwalimu wetu wa Bayolojia alipokuwa akifundisha kuhusu seli, alitaja ugonjwa uitwao limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya watoto, akasema, na hapa kwetu kando ya ziwa inajulikana sana. Mara nyingi huanza kwa kuvimbisha taya. Nilishtuka. Nikamwuliza kama Burkitt ni mji au ni mtu. Darasa zima likacheka, lakini mwalimu akanijibu vizuri kwamba ni mtu, tena ni mtu aliyekaa jirani zetu Uganda miaka mingi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta vitabuni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, mji ulio kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Lakini mzee huyo alikuwa na jambo lingine alilolipenda mno, nalo ni ndege. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawavisha pete miguuni ili aweze kuwatambua, kisha akachora ramani ya mahali ambapo kila ndege anaishi na mpaka wake unapoishia. Watu walimwona mzee wa ajabu kidogo. Hata hivyo, kazi yake hiyo ilikuja kuheshimiwa na wataalamu wa ndege. Mkumbuke mzee huyu na ramani yake, msomaji, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, alipatwa na mkosi. Jiwe lilirushwa na watoto, likapiga miwani yake, na vipande vya kioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Kutoka hapo aliishi maisha yake yote kwa jicho moja.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutajwa sana. Alipoingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin, alianza kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo, imani yake ikakomaa, naye akaamua kwamba Mungu anamtaka awe daktari. Basi akaacha uhandisi akashika udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji huko Edinburgh.

Alitamani kufanya kazi Afrika. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa tayari daktari mashuhuri mjini Nairobi. Lakini Denis alipoomba kazi katika serikali ya kikoloni alikataliwa. Sababu? Jicho moja! Walisema hawezi kufaa. Hebu fikiri, mtu aliyekuja kuona yale ambayo wenye macho mawili waliyapita kila siku, alikataliwa eti haoni vizuri.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilihitaji madaktari na halikujali sana habari ya jicho. Alihudumu Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na baadaye wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipoisha aliomba tena kazi ya serikali, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa Walango. Wale ni watu wa jamii ya Waluo kama sisi, na lugha zetu zinasikilizana hapa na pale.

Huko Lira ndiko tabia ya baba yake ilipoanza kujitokeza. Alikuwa akiwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua tu na kuendelea na kazi. Burkitt aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya ugonjwa ni mwingi na upande wa magharibi ni nadra. Watu ni wale wale, chakula ni kile kile, lakini ugonjwa haukuwa sawa. Akaandika makala kuhusu jambo hilo mwaka 1951. Lilionekana jambo dogo, lakini lilimfundisha kwamba swali la wapi linaweza kujibu swali la kwa nini.

Baadaye alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba mataya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yalikuwa yanalegea. Burkitt alishindwa kuelewa. Kama ni usaha, mbona pande zote nne? Kama ni saratani, saratani gani inayoanza mahali pane kwa mpigo?

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, pale Mto Nile unapotoka katika ziwa letu. Alitupa macho nje ya dirisha, samahani, alitupa jicho, akamwona mama amekaa nyasini na mtoto wake. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba vile vile. Burkitt akatoka mbio kwenda kumtazama. Ulikuwa ni ugonjwa ule ule. Akajisemea moyoni kwamba mmoja anaweza kuwa ajabu, lakini wawili si ajabu tena. Ni jambo la kufuatwa.

Alirudi Mulago akafukua mafaili ya zamani. Kumbe watoto wa aina hiyo walikuwa wengi! Hata katika kumbukumbu za Daktari Albert Cook, mmisionari wa Mengo wa miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, ugonjwa huo ulikuwemo. Tena aligundua kwamba watoto hao mara nyingi walikuwa na uvimbe kwingine pia, kwenye figo, kwenye ini, kwenye mayai ya uzazi ya wasichana. Kabla yake, daktari aliyeona taya aliandika saratani ya taya, na aliyeona figo aliandika saratani ya figo. Burkitt alisema zote ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 akachapisha makala yake. Mwanzoni aliupa jina lisilo sahihi, lakini madaktari wa maabara ya Mulago, kina Jack Davies na Gregory O'Conor, walichunguza vipande kwa hadubini wakaonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za damu.

Sasa likaja swali lake la kawaida: wapi? Pesa za kwanza alizopata za utafiti zilikuwa paundi 25 tu. Alizitumia kuchapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta hadi hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewahi kuona ugonjwa wa namna hii. Majibu yalipokuja, aliyachoma kwa pini kwenye ramani ukutani. Ramani ikaonyesha ukanda mpana ukikatiza katikati ya Afrika, na mkia ulioshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Nje ya ukanda huo ugonjwa haukuwepo.

Lakini barua hazikumtosha. Mwaka 1961 yeye na marafiki zake wawili, madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu aina ya Ford, wakapakia vipuri, wakatoka Kampala kuelekea kusini. Walisafiri kwa muda wa wiki 10 hivi, kiasi cha maili 10,000, wakipitia hospitali zaidi ya 50. Wakati huo barabara zilikuwa vumbi na matope, si lami hii ya siku hizi. Kila hospitali waliuliza swali moja, wakaonyesha picha, wakaandika jibu.

Hapa, msomaji, ndipo hadithi inapotugusa sisi wenyewe. Burkitt aliona kwamba ugonjwa unafuata urefu wa nchi kutoka baharini. Katika sehemu zetu za ikweta, juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500, ugonjwa unakoma. Kadiri alivyozidi kwenda kusini, ndivyo kikomo hicho kilivyozidi kushuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alimsaidia kuelewa kwamba jambo lenyewe si urefu bali ni joto. Ugonjwa unataka mahali penye joto na mvua ya kutosha. Sasa tazama hapa kwetu. Pap Onditi iko kwenye uwanda wa ziwa, chini ya mita 1,500. Mvua ikinyesha maji yanatuama mashambani, mito inafurika, na jioni mbu wanaimba masikioni mwetu. Panda gari uende Kericho kwenye chai na baridi, umeshavuka mpaka wa Burkitt. Safari ya saa chache tu inamtofautisha mtoto aliye hatarini na asiye hatarini.

Joto, mvua, nchi ya chini. Ni nani anapenda hivyo vyote? Mbu! Burkitt na wenzake walidhani kwamba mbu anabeba kirusi kinachosababisha saratani hii. Hapo walipata nusu ya ukweli na kukosa nusu. Tutaona.

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa amekwenda London, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Mwanasayansi kijana, Anthony Epstein, alikuwa amekaa kusikiliza. Epstein alikuwa akitafuta virusi vya saratani kwa miaka, na aliposikia habari za joto na mvua alijua kwamba ameona njia. Wakakubaliana. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikawa vinapakiwa katika ndege kutoka Entebbe hadi London. Kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Ndipo siku moja mwishoni mwa mwaka 1963 ndege ikacheleweshwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London. Chupa ilipofika ilikuwa na maji ya ukungu ukungu kama yaliyoharibika. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama, akakuta seli zikiwa hai zinaogelea. Seli hizo zikakubali kukuzwa maabara. Mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ndani ya seli. Kikaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho hakibebwi na mbu. Kinaambukizwa kwa mate, na watu wazima wengi sana duniani wanacho bila hata kujua. Basi mbu anaingiaje? Mwaka huo huo wa 1964, Gilbert Dalldorf na wenzake waliochunguza wagonjwa wa Kenya walitoa jibu ambalo limekubalika hadi leo. Kitu anachobeba mbu ni malaria. Mtoto mdogo anayeumwa malaria mara kwa mara, na ambaye pia ana kirusi kile, ndiye anayekuwa hatarini. Mambo mawili yakikutana, nyumba inaweza kuungua.

Inaunguaje? Hili halikufahamika vizuri hadi miaka ya baadaye, na naomba msomaji anivumilie nieleze jinsi nilivyoelezwa na mwalimu.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna DNA. Ichukulie kuwa ni kitabu kikubwa cha maagizo kilichofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kitabu hicho hakitoki nje. Seli ikihitaji agizo moja, agizo hilo, ambalo huitwa jeni, linanakiliwa kwenye kikaratasi. Kikaratasi hicho ni RNA. RNA inatoka nje, inafika kwa mafundi waitwao ribosomu, nao wanasoma na kutengeneza protini. Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi mwilini. Kwa hiyo seli inajitawala kwa namna mbili. Inachagua ni jeni gani inakiliwe na kwa kiasi gani, halafu inachagua RNA na protini hizo zidumu kwa muda gani kabla ya kuchanwa na kutupwa.

Iko jeni moja iitwayo MYC, ambayo hutamkwa mik. Protini yake ni kama kengele ya shule. Ikilia, jeni nyingine nyingi zinaanza kunakiliwa, ribosomu zinaongezwa, seli inakua na kugawanyika iwe mbili. Kengele ni kitu kizuri, lakini ikilia siku nzima shule itavurugika. Ndiyo maana seli yenye afya inaibana sana. RNA ya MYC na protini yake hazidumu, baada ya kama nusu saa hivi nusu yake imeshaharibiwa. Kengele inalia kidogo, inanyamaza.

Sasa, chembechembe nyeupe ziitwazo seli B zina kazi ya kutengeneza kingamwili, zile protini zinazopigana na magonjwa. Jeni ya kingamwili katika seli hizo inafanya kazi mfululizo kama kinu cha posho cha hapa sokoni, asubuhi hadi jioni. Tena seli B zina tabia ya pekee. Ili kutengeneza kingamwili bora zaidi, zinaikata DNA yao wenyewe na kuiunga upya. Malaria inapomrudia mtoto mara kwa mara, seli B nyingi zinaitwa kazini, zinagawanyika na kukata kata bila kupumzika. Ukikata nguo kwa haraka utakata na usipopataka. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kinakatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni ya kingamwili. Yaani kengele ya shule imefungwa kwenye mkanda wa kinu cha posho! RNA ya MYC inanakiliwa bila kikomo, protini inajaa, kengele hainyamazi. Kwa kawaida seli iliyoharibika namna hiyo hujiua yenyewe. Lakini kirusi cha Epstein na Barr kikiwa ndani kinaisaidia isife. Ndipo uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Wanasayansi walithibitisha habari ya MYC mwaka 1982, Burkitt akiwa bado hai.

Niliposikia maelezo hayo nilimkumbuka yule mtoto wa jirani yetu. Hakukuwa na chira. Mama yake hakuvunja mwiko wowote. Palikuwa na kosa moja la kuunga DNA, ndani ya seli moja ambayo hakuna jicho lingeiona. Kumbe wakati watu walikuwa wanatafuta mchawi, seli zilikuwa zinahesabu siku.

Na matibabu je? Hapo pia Burkitt alitenda jambo la maana. Yeye alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kisu hakifai kwa uvimbe ulioenea. Mashine za miale za kutibu saratani hazikuwepo Uganda wala Kenya wakati huo. Akageukia dawa. Alitumia methotrexate, inayoinyima seli vifaa vya kujengea DNA, na cyclophosphamide, inayoifunga DNA isiweze kunakiliwa. Baadaye akatumia pia vincristine, inayotokana na ua la Madagaska. Mjini Nairobi Daktari Peter Clifford naye alikuwa akijaribu dawa za namna hiyo. Matokeo yaliwashangaza wote. Kwa kuwa seli za uvimbe huu zinakimbia sana kugawanyika, ndizo zinazoumizwa kwanza na dawa. Kuna watoto waliovimba uso mzima ambao baada ya dozi chache tu uso ulirudi kama zamani, na baadhi yao walipona kabisa. Katika miaka hiyo, kuponya saratani kwa dawa peke yake kulikuwa kama ndoto. Ndoto hiyo ilianza kutimia kwa watoto wa kandokando ya ziwa letu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966 akarudi Uingereza. Hakustaafu akili. Alikuwa amegundua kwamba katika miaka yake yote ya Uganda hakuwa amepasua watu wengi wenye kidole tumbo wala saratani ya utumbo mpana, magonjwa ambayo Uingereza yalikuwa tele. Akasema, tena kwa msisitizo, kwamba ni kwa sababu ya chakula chetu. Viazi vitamu, maharagwe, mboga, na ugali wa unga usiokobolewa vina makapi yanayosafisha tumbo. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu chakula cha namna hiyo, kikasomwa sana. Si yote aliyosema yaliyothibitishwa, lakini hata leo ukimsikia daktari akikuambia ule chakula chenye makapi, jua sauti ya Burkitt imo. Nasi tunaokimbilia chipsi na mkate mweupe tukaona mtama ni chakula cha kishamba, hapo tumepigwa chenga.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa amepewa tuzo nyingi, na mwaka 1972 aliingizwa katika Shirika la Kifalme la sayansi huko London. Hata hivyo wanaomjua wanasimulia kwamba alibaki mtu wa kawaida, mwenye dini, mwepesi wa kutaja wale waliomsaidia.

Jambo moja hunisumbua. Jina la Burkitt limebaki kwenye ugonjwa, lakini wale watoto wa Mulago na Jinja, na mama yule aliyekaa nyasini, majina yao hayasomwi. Bila wao kusingekuwa na ramani, wala kirusi, wala dawa. Simlaumu Burkitt, lakini naona tukimheshimu yeye tuwaheshimu na wao.

Wapendwa wasomaji, ninayo mambo matatu ya kuwaachia. Kwanza, Burkitt hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na paundi 25, gari kuukuu, jicho moja na swali moja. Kwa hiyo asije mmoja wetu akasema kwamba sayansi haiwezi kufanywa kutoka shule ya kutwa kama yetu kwa sababu hatuna vyombo. Pili, vyandarua tunavyopewa si vya kufugia kuku wala kuzungushia miche ya sukuma wiki. Kila malaria unayomkinga mdogo wako unampumzisha seli B zake.

La tatu ndilo kubwa. Ukimwona mtoto nyumbani kwenu au kwa jirani amevimba taya, meno yanalegea, au jicho linatokeza, au tumbo linafura kwa siku chache, usikubali maneno ya jino wala ya chira. Waambie wakubwa kwa heshima, lakini uwaambie. Waende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa zipo, na wengi wanaofika mapema na kumaliza matibabu wanapona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi nilikuwa mdogo wakati ule, sikujua, nikanyamaza kama wengine. Sasa najua, na wewe uliyesoma hadi hapa unajua.